Kuandika programu za simu za batani na vifaa vya kiganjani vya zamani: panga baiti kwanza, andika kodi (code) baadaye

Huu mwongozo nauandika kwa vijana wanaojua kidogo Java na wanataka kutengeneza kitu cha kukusanya taarifa kwa kutumia simu za batani, zile za Nokia za zamani zenye Java au kifaa chochote cha kiganjani cha zama zile, kwenye maeneo yetu haya ya Mtwara na Lindi ambako msimu wa korosho ukifika karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) anapima toka asubuhi mpaka giza linaingia na mtandao unakuja unaondoka. Mfano wangu wote ni huo, karani wa mzani, namba ya mkulima, kilo, gunia, gredi. Ukiwa na kazi ya ufuta Ruangwa au mbaazi Masasi ni hesabu ile ile.

Jambo moja nataka ulishike kabla hujafungua kompyuta: kwenye vifaa hivi mtandao ndio unaoamua programu iweje. Watu wengi wanaandika programu vizuri kabisa, skrini nzuri, menyu nzuri, halafu mwishoni ndo wanauliza "sasa tutatumaje", hapo ushachelewa kwa sababu umbo la taarifa zako lilishaamuliwa na mtu ambaye hakuwa anafikiria baiti. Sisi tunaanza na swali hilo la kutuma, mengine yanafuata.

HATUA YA 1: Jua dari lako lina urefu gani

Kuna dari, yaani vikomo, za aina nyingi na kila moja ina namba yake, zisome taratibu.

Waliotangulia walibanwa kuliko sisi. Mwaka 1999 Marekani kilitoka kifaa cha Palm VII, kompyuta ya kiganjani yenye antena yake, kinapita kwenye mtandao wa Mobitex ambao asili yake ni Sweden, spidi kilobiti 8 kwa sekunde kwa wote mnaogawana chaneli hiyo, na paketi moja ya Mobitex inabeba data isiyozidi baiti 512. Kifurushi cha chini kilikuwa dola 9.99 kwa mwezi unapata kilobaiti 50. Mwezi mzima! Kilobaiti 50 ni baiti 51,200, ukichukua swali na jibu lake jumla baiti 400 unapata maulizo kama 128 kwa mwezi, manne kwa siku basi. Na bado watu walitengeneza programu za hali ya hewa, bei za hisa, ratiba za ndege, zikafanya kazi. Walifanyaje nitakuja huko hatua ya 3, kwa sababu ndipo penye akili yenyewe.

Upande wa GSM, mfumo wa mitandao ya simu ambao ndio wetu: SMS moja ni baiti 140, si zaidi. Hizo baiti 140 ndizo zinazokupa herufi 160 kwa sababu kila herufi ya kawaida inachukua biti 7 na baiti moja ni biti 8. Ukiweka herufi isiyokuwemo kwenye alfabeti ya GSM ujumbe wote unahamia mfumo wa biti 16 na unabaki na herufi 70 tu. Ukituma kutoka programu ya Java kwenda programu nyingine kwa namba ya poti (mlango wa programu husika), poti yenyewe inakula nafasi, unabaki na baiti 133. Ujumbe mrefu unaokatwa vipande ni mbaya zaidi, vipande vitatu vya bainari (baiti tupu, si maandishi) vyenye poti vinabeba jumla baiti 381, yaani 127 kila kimoja, pungufu ya ile 133, halafu kipande kimoja kikipotea ujumbe wote haufunguki. Kwa hiyo sheria yangu ni kwamba kila SMS ijitegemee, iwe na maana hata kama jirani yake hajafika.

GPRS, yaani data ya intaneti ya GSM, inakata salio kwa kilobaiti na spidi yake inategemea nafasi zilizobaki kwenye mnara. Kwenye hali mbaya nafasi moja inatoa kilobiti 9.05 kwa sekunde, ikiwa nzuri kidogo 13.4. Spidi yenyewe wala si tatizo kubwa, tatizo ni kusubiri, kwenda na kurudi kwa paketi moja kunaweza kuchukua sekunde nzima na zaidi.

Na kifaa chenyewe kina dari. Java ya simu za mwanzo, ile MIDP 1.0, ilitaka simu iwe na angalau skrini ya nukta 96 kwa 54 na kilobaiti 8 za kuhifadhi kumbukumbu za kudumu. Simu nyingi za kwanza za Series 40 (familia ya simu za Nokia) zilikuwa hazipokei faili la programu linalozidi kilobaiti 64. Na toleo la kwanza la CLDC, msingi wa Java hiyo, halina namba za desimali kabisa, 87.5 kwake haipo. Usihuzunike, hiyo ya desimali inatusaidia.

HATUA YA 2: Pima ukubwa wa rekodi moja kwa kalamu na karatasi

Chukua upimaji mmoja wa mkulima mmoja. Kijana wa leo ataandika hivi:

{"mkulima":"004512","kilo":"87.5","daraja":"1","tarehe":"2024-10-18","ghala":"Nanyamba-03"}

Hesabu, ni baiti 91. Na kwenye SMS yale mabano ya mawimbi kila moja linachukua nafasi mbili kwa hiyo ni 93. Mkulima mmoja SMS moja, nafasi nyingine inabaki wazi lakini wa pili haingii.

Sasa jiulize kila neno pale linafanya nini. "mkulima", "kilo", "daraja" ni majina ya safu, seva inayajua tayari, kwa nini unayalipia kila mara. Tarehe ni ile ile siku nzima. Ghala ni lile lile msimu mzima. Kinachobadilika ni namba ya mkulima, kilo, gunia ngapi na gredi. Basi.

Namba ya mkulima: AMCOS moja haifiki wanachama 65,535 kwa hiyo baiti 2 zinatosha. Kilo: usitume 87.5, tuma 875 yaani sehemu za kumi za kilo, namba kamili, baiti 2 zinafika mpaka kilo 6,553.5 na lile tatizo la kukosa desimali limekwisha hapo hapo. Gunia: baiti 1, na kwa kuwa karani hapimi gunia 127 za mtu mmoja kwa mkupuo unaiiba biti ya juu kabisa unaweka gredi, sifuri ni standadi, moja ni anda gredi. Jumla baiti 5. Kutoka 91.

Halafu mwanzo wa ujumbe unaweka heda (utangulizi) moja tu kwa wote: toleo la umbo baiti 1, namba ya kituo baiti 1, siku (hesabu ya siku tangu 1 Januari 2000) baiti 2, namba ya mfuatano ya ujumbe baiti 2, idadi ya rekodi baiti 1, na muhuri wa siri baiti 4 nitaueleza mbele. Heda baiti 11. Kwenye baiti 133 ukitoa 11 zinabaki 122, gawa kwa 5 unapata rekodi 24. Wakulima 24 kwenye SMS moja, ujumbe una baiti 131 na zimebaki mbili.

Ile baiti ya toleo usiione ya bure ukaitoa. Msimu ujao utataka kuongeza kitu, na simu za vituo vya mbali zitabaki na programu ya zamani kwa wiki kadhaa, seva isipojua hii ni ya zamani au mpya itasoma kilo kama namba ya mkulima na hutajua mpaka malipo yatoke.

HATUA YA 3: Kisichobadilika kikae kwenye simu

Hii ndio akili ya Palm niliyosema. Fomu nzima, picha, maandishi, menyu, vyote vilikaa ndani ya kifaa kama faili dogo ambalo unaliweka mara moja ukiwa kwenye kompyuta. Hewani likawa linapita swali tupu na jibu tupu. Na jibu lilikuwa linapita kwanza kwenye seva ya katikati inayolikata na kulibana ndipo lirushwe. Waliita kukata kipande cha ukurasa badala ya kuvinjari, na hiyo ni tofauti kubwa sana ya fikra.

WAP, ile intaneti ya simu za zamani, ilienda njia nyingine, kila ukurasa unatoka kwenye mtandao, na Nokia 7110 ya mwaka 1999 ilikuwa inakubali ukurasa uliobanwa wa baiti 1,397 tu. Watu walikata kurasa vipande vipande na kila kipande ni kusubiri tena. Ukiwa na uchaguzi fuata njia ya Palm.

Kwa karani wetu maana yake ni hii. Orodha ya gredi, jina la kituo, maelekezo yote ya Kiswahili yawemo kwenye programu. Orodha ya majina ya wanachama nayo ungetamani iwemo lakini piga hesabu, wanachama 2,000 kwa baiti 20 ni kilobaiti 40 hivi, na dari la faili lote ni 64. Kwenye simu ndogo acha majina. Badala yake kila mkulima mpe namba yenye tarakimu ya ukaguzi mwishoni, inayokokotolewa kutoka tarakimu zilizotangulia, karani akikosea kubonyeza simu inakataa pale pale bila kuuliza seva. Tarakimu hiyo inakaguliwa kwenye simu na inaachwa hapo hapo, haisafiri. Yaani umepata ulinzi wa makosa kwa baiti sifuri za hewani.

HATUA YA 4: Chagua njia ya kutuma, na uihesabu yote pamoja na salamu zake

Hapa ndipo wengi wanaibiwa bila kujua. Ukituma kwa HTTP, ile njia ya tovuti, juu ya GPRS hutumi baiti zako tu. Muunganisho wa TCP, ule unaoibeba HTTP, unaanza kwa hodi, karibu, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, ndipo useme kilichokuleta, na ukiondoka unaaga tena kwa zamu. Kila paketi ina heda ya baiti 40 hata kama haina kitu ndani. Paketi tatu za kufungua ni 120, swali na risiti yake 80, jibu na risiti yake 80, kufunga paketi nne 160, jumla 440 na hujasema neno. Ongeza heda za HTTP za kwenda na kurudi, tuseme 300 kama umezipunguza vizuri, inakuwa 740.

Sasa tuseme kituo kinapima wakulima 120 kwa siku. Ukituma ile JSON (ule mstari wa baiti 91) kila mkulima peke yake ni 831 mara 120, ni baiti 99,720, kilobaiti 97 kwa siku moja. Kile kifurushi cha Palm cha mwezi mzima kingeisha ukiwa umevuka kidogo tu nusu ya foleni ya siku ya kwanza. Ukikusanya 24 24 kwa bainari ni mara tano, baiti 4,355. Ukisubiri jioni ukatuma wote 120 kwa mkupuo mmoja ni 611 za taarifa na 740 za salamu, baiti 1,351. Kwa siku 26 za kazi ni kilobaiti 34 na ushee. Kazi ya mwezi mzima ya kituo imeingia ndani ya kifurushi kidogo cha mwaka 1999 na chenji imebaki. Nilipenda uone hesabu hii mwenyewe maana ukimwambia mtu kwa maneno hakuelewi, anakwambia siku hizi bando ni rahisi. Bando linaweza kuwa rahisi, ila mnara wa kijijini siku ya foleni hauwi mwepesi kwa sababu bando limeshuka bei.

Na hapa kuna jambo la SMS ambalo watu wanalidharau. Kwenye GSM simu za sauti zinapewa kipaumbele mbele ya GPRS, siku ya mnada kila mtu anapiga simu kuuliza bei imefungwa ngapi, nafasi za data zinabanwa, GPRS inasimama kabisa. SMS yenyewe inapita kwenye chaneli za mawasiliano ya ndani ya mnara, haigombanii nafasi na maongezi kwa namna ile. Kwa hiyo unaweza kukuta data imegoma na SMS inaondoka. Pia simu nyingi za zamani simu ikiingia katikati ya kutuma data inasimamishwa mpaka maongezi yaishe, na programu isiyojua hilo inaona kama imekatika inaanza upya.

Ushauri wangu ni SMS iwe njia kuu kwa taarifa ndogo kama hizi, GPRS iwe ya jioni kama kuna kitu kirefu. Upande wa kupokea weka modemu ya GSM yenye laini yake pale ilipo seva, usitegemee namba fupi maana bainari yenye poti mara nyingi haipenyi huko. Bainari ikikataa kabisa kwenye mtandao wako usikate tamaa, igeuze kuwa maandishi ya base64, njia ya kuandika baiti kwa herufi za kawaida. Herufi 160 za base64 zinabeba baiti 120, ukitoa heda 11 unapata rekodi 21, zinakuwa herufi 156. Umepoteza wakulima watatu tu kwa ujumbe na sasa inapita popote SMS ya kawaida inapopita. Alama za kujumlisha, mkwaju na sawasawa zinazotumika kwenye base64 zote zimo kwenye alfabeti ya kawaida ya GSM kwa hiyo huanguki kwenye herufi 70.

Kitu kingine, programu ya Java isiyosainiwa simu itamuuliza karani ruhusa kila SMS inapotaka kutoka. Hii mwambie mapema, kwenye mafunzo, aone kwa macho na abonyeze ndiyo mwenyewe, la sivyo atabonyeza hapana akidhani anaibiwa vocha na hana kosa.

HATUA YA 5: Hifadhi kwanza, tuma baadaye, futa mwisho kabisa

Mpangilio ni huu na usiubadilishe. Karani akibonyeza "sawa", rekodi inaandikwa kwenye hifadhi ya simu kabla ya kitu kingine chochote. Zikifika 24, au siku ikiisha, zinafungwa kuwa ujumbe wenye namba ya mfuatano na ujumbe huo unahifadhiwa kama kipande kimoja. Kisha unatumwa. Haufutwi mpaka seva ijibu kwamba imeupokea, na jibu la seva liwe dogo, namba ya mfuatano tu, hatuhitaji shairi la kushukuru.

Hata kwenye simu yenye zile kilobaiti 8 za chini kabisa unaweza kuweka zaidi ya wakulima 1,000 kabla haijajaa, maana kila ujumbe ni baiti 131. Mtandao ukikatika siku kadhaa karani anaendelea kupima. Ukipanda Makonde ukashuka upande wa pili kuna vijiji vya namna hiyo, na Liwale ndani kabisa huko usiseme.

Jibu lisipokuja usitume tena papo hapo na tena na tena. Subiri dakika moja, kisha mbili, kisha nne, nane, ukifika saa moja baki hapo. Programu inayolazimisha kila sekunde kumi inakula betri, na kule umeme wa kuchaji ni wa sola ya dukani, inakula pia vocha, na kama simu zote za vituo zinafanya hivyo mnara ukirudi zote zinavamia kwa pamoja.

Sasa swali zito: ujumbe umefika seva, ila jibu limepotea njiani. Simu itatuma tena. Seva isipokuwa makini mkulima anaandikiwa kilo mara mbili. Ndio maana ile namba ya mfuatano ipo, seva inaangalia kituo na mfuatano, kama ulishapokelewa haiandiki tena ila inajibu tena "nimepokea". Yote mawili ni lazima. Nimeona watu wanaandika la kwanza wanasahau la pili, simu inabaki inatuma ule ule ujumbe mpaka msimu unaisha. SMS pia hazifiki kwa foleni, ya mchana inaweza kutangulia ya asubuhi, kwa hiyo seva isitegemee mpangilio wa kufika, itegemee mfuatano ulio ndani, na ikiona 41 na 43 zimefika iitafute 42.

Mwambie karani kwa herufi kubwa: KUFUTA PROGRAMU KUNAFUTA NA REKODI ZAKE. Kwenye Java ya simu hifadhi ni mali ya programu. Kijana wa fundi simu akisema "ngoja niiondoe niiweke upya" mzuie kwanza hadi idadi ya zisizotumwa isomeke sifuri. Hiyo idadi iweke kwenye skrini ya kwanza ionekane muda wote.

HATUA YA 6: Ule muhuri wa baiti 4

Simu hizi haziwezi usalama wa tovuti za kisasa, seva nyingi za leo zitazikatalia mlangoni na vyeti vilivyomo ndani ya simu vilishapitwa na wakati. Na SMS mtu yeyote anaweza kutuma kwenda namba yako. Bila muhuri mtu wa kangomba (mlanguzi wa korosho) anayetaka kusafisha mzigo wake anaweza kutengeneza ujumbe wa uongo wenye kilo za watu waliokufa zamani.

Kwa hiyo kila kituo kipe ufunguo wake wa siri, kokotoa HMAC (alama inayotokana na ujumbe na ufunguo huo) ya ujumbe mzima pamoja na heda, chukua baiti 4 za mwanzo, tia kwenye heda. Seva nayo inakokotoa, zisipolingana inatupa. Baiti 4 si ulinzi wa benki lakini anayebahatisha ana nafasi moja katika zaidi ya bilioni nne kwa kila jaribio, na kila jaribio ni SMS ya kulipia, na muhuri huo huo unakugundulia ujumbe ulioharibika njiani kwa hiyo huhitaji kingine cha ukaguzi. Java ya simu hizi za mwanzo haiji na HMAC, tumia toleo jepesi la Bouncy Castle (maktaba ya Java ya usimbaji) kisha upitishe kwenye ProGuard (chombo cha kupunguza faili) iondoe madarasa usiyotumia, bila hivyo faili lako litavuka kilobaiti 64 kwa kitu kimoja tu.

HATUA YA 7: Risiti ya mkulima

Hii si lazima kiteknolojia lakini mimi naiona ni lazima kibinadamu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho mwaka 2007 mkulima anapeleka mzigo na pesa inakuja baadaye, katikati hapo hana kitu zaidi ya karatasi. Seva ikishapokea imtumie SMS yake:

Nanyamba 03: umepima kg 87.5, gunia 1, standadi, 18/10. Namba 4512. Kama si sahihi mwone karani leo.

Iwe chini ya herufi 160, na chunga kitu kimoja ambacho ni chetu sisi wa Kiswahili. Kile kiapostrofi cha ng'. Ukiandika kwenye kompyuta programu ya maandishi inakigeuza kuwa kile kilichopinda, na kilichopinda hakimo kwenye alfabeti ya GSM. Kituo cha Ng'apa pale Lindi kikiandikwa kwa kile kilichopinda, ujumbe wote unashuka kuwa wa herufi 70 na kila risiti ya huko inakuwa SMS mbili. Geuza vyote kuwa kile kilichonyooka kabla ya kutuma, mstari mmoja wa kodi unatosha.

HATUA YA 8: Jaribu kwa kuharibu

Emuleta ya kwenye kompyuta itakudanganya, yenyewe mtandao wake haukatiki. Chukua simu halisi. Zima seva mara tu baada ya kuandika na kabla ya kujibu, uone kama kilo zinajirudia. Chomoa betri katikati ya kuhifadhi. Jipigie simu wakati inatuma. Jaza hifadhi mpaka ikatae uone programu inamwambia nini karani, isimwonyeshe kosa la Java la Kiingereza, imwambie "Simu imejaa, tuma kwanza". Badilisha saa ya simu iwe mwaka 2000 maana simu ikitolewa betri mara nyingi tarehe inarudi nyuma, kwa hiyo kila asubuhi programu imwonyeshe karani tarehe na aithibitishe.

Vijiji vya kando ya Ruvuma, simu inaweza kunasa mtandao wa Msumbiji ng'ambo ya mto na ikatuma kwa bei ya ugenini bila kuuliza. Weka uchaguzi wa mtandao kwenye simu uwe wa mkono, si otomatiki, ukaifungie simu kwenye mtandao wa laini yake. Fanya hivyo kabla simu haijaondoka mjini.

Gharama nayo pima kweli. Ndani ya programu weka kaunta ya baiti na SMS zilizotoka, kisha linganisha na salio lilivyopungua. Zisipolingana kwa data ujue muunganisho wako unafunguliwa mara nyingi kuliko unavyodhani au kampuni ya simu inazungusha hesabu ya kila muunganisho kwenda juu, na dawa ni moja, ungana mara chache tuma vingi. Kwa wiki ya kwanza daftari la karani liendelee kuandikwa sambamba, na jioni kilo za daftari na kilo za seva zijumlishwe kwa kila kituo. Zikitofautiana hata kwa kilo moja usiendelee na kituo cha pili mpaka umeipata hiyo kilo ilipo, ni ya mtu.